Bundala na Nyumba ya Mikanda

Sokoni Somanda, hapa Bariadi mjini, wapo watu wanaosema hadi leo kwamba shemeji yangu Bundala alifunga mvua. Wanayasema hayo huku wanapima dagaa. Mmoja wao hakujua mimi ni nani, akanisimulia kisa kizima kwa raha zake, na katika kisa chote hicho jambo la kweli lilikuwa moja tu: jina la baba mkwe wangu, Katekista Thomasi, ambalo alilitamka bila kukosea. Nikamwambia, "Huyo Thomasi ndiye aliyenipokea kwake nilipoolewa." Mama yule akainama kwenye beseni lake, akaanza kupanga dagaa mmoja mmoja.

Sipendi kugombana sokoni. Nimefundisha Jiografia sekondari mpaka nikastaafu, na mume wangu Deogratias, Mungu amrehemu, aliniachia jina ambalo halijawahi kuitwa barazani kwa ubaya. Basi nitaandika. Anayetaka kumsema Bundala amseme baada ya kujua Bundala ni nani.

Bundala ni mdogo wa marehemu mume wangu, wa tumbo moja. Deogratias alipelekwa shule, Bundala akabaki na ng'ombe, maana mzee alisema nyumba haiwezi kutoa wana wote kwa kalamu. Hakulalamika. Alijifunza kwa baba yake kazi ya kusuka vihenge, yale maghala ya fito yaliyokuwa yakisimama mbele ya kila nyumba huku kwetu, mengine marefu kuliko mwenye nyumba. Kihenge kikubwa hakibebeki, kwa hiyo msukaji ndiye anayekifuata. Bundala alifunga panga na kisu kwenye baiskeli, akatoka kwetu upande wa Dutwa mpaka Kalemela kule Busega, akakaa kwa mwenye mpunga hadi kazi iishe, akila na kulala hapo kama mwana wa nyumba.

Alikosea mara moja, naye hulisimulia mwenyewe. Alikuwa kijana, mvua ikinyesha mfululizo, akaamua kusukia ndani ya nyumba ya mteja ili asilowe. Akasuka, akamaliza, wakaja kukitoa, mlango ukakataa. Wakakilaza ubavu, wakakiinamisha, wakakisukuma. Mwenye nyumba akasimama akakitazama, kisha akasema, "Kiache. Hata mwizi hatakitoa." Watoto wa nyumba ile walikua wakizunguka ghala ili kufika kitandani.

Kazi ya kusuka ni ya wanaume. Kusiriba ni kwetu sisi wanawake. Nilipofika pale bibi arusi, na cheti changu cha ualimu kikiwa kwenye sanduku, mama mkwe alinionyesha rundo la mavi ya ng'ombe na udongo, akaniita mama kwa Kisukuma, akasema, "Mayu, kihenge kinakusubiri." Nilikunja mikono ya gauni nikasiriba, ndani na nje, mpaka fito zote zikapotea machoni. Jioni baba mkwe alikigonga kwa kidole akaridhika. Sikumbuki sifa ya mkaguzi wa shule iliyonifurahisha zaidi ya ile.

Halafu ikaja mifuko. Mifuko ya plastiki isiyopitisha hewa, mahindi hayaliwi na wadudu, unaipanga chumbani na kufuli juu yake. Siilaumu, hata mimi ninayo. Lakini mwaka hadi mwaka waliomwita Bundala walipungua, na mwisho hakuitwa na mtu. Alilima pamba yake, akachunga, akakaa. Macho nayo yakaanza kuingia ukungu, mtoto wa jicho. Mtu aliyezoea kuzungumza na watu wa wilaya tatu akawa anakaa kwenye kigoda ameelekea ukutani.

Binti yangu Generoza anachora ramani za majumba katika ofisi moja Mwanza. Ndiye aliyesema baba mdogo aletwe huko apasuliwe macho. Nilimpeleka mwenyewe. Alipofunguliwa bandeji alitazama mikono yake, mbele na nyuma, akasema imezeeka bila kumuaga. Na kabla hatujapanda basi la kurudi, Generoza akatuambia kuna maonyesho ya sanaa kwenye ghala moja la zamani karibu na ziwa, lazima tuyaone.

Nilidhani tutaona picha. Nilikuta viti vimetengenezwa kwa mipini ya majembe, havikaliki. Nilikuta sufuria zilizotobolewa zimetungwa kama shanga mpaka darini. Nilikuta baiskeli iliyofungwa nyuzi za sufu kila mahali, hata mnyororo.

"Mama, usikunje uso," Generoza akaninong'oneza. "Watu wanakuangalia."

"Wananiangalia mimi? Hapa pana baiskeli imevaa sweta."

Bundala hakuwa nasi. Tulimkuta mwisho wa ghala, amesimama chini ya kitu kilichoning'inia kutoka kwenye mhimili wa paa. Kilikuwa nyumba, yenye kuta na mlango na madirisha, lakini yote ya nyavu: nyavu za dagaa, vyandarua vilivyochakaa, kamba za nailoni. Unaona upande wa pili kupitia ukuta.

Akamwuliza msichana aliyekuwa akilinda, "Mwanangu, hii inatunza nini?"

"Haitunzi kitu, baba. Unaingia tu."

"Nikishaingia?"

"Unakaa. Ukichoka unatoka."

Bundala akavua viatu, ingawa hakuna aliyemwambia avue, akaingia, akaketi sakafuni. Tukasubiri. Nikamwita, "Shemeji, basi litatuacha."

"Litangulie," akasema.

Tulipanda basi la baadaye. Tulipopita Magu akanigeukia. "Shemeji, mtu yule amesuka hewa."

"Hewa haisukwi, shemeji."

"Ndiyo ninayosema."

Sasa watu wa sokoni wanasimulia kwamba alirudi kutoka Mwanza na dawa. Alirudi na macho. Yaliyofuata kijiji kizima kiliyaona, kwa sababu aliyafanya mchana, kando ya barabara, mbele ya nyumba yake. Alikwenda kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba akaomba mikanda ya plastiki, ile ya kufungia marobota, inayokatwa na kutupwa. Akapewa bure, walifurahi kupunguziwa takataka. Mingine njano, mingine buluu, mingine kijani. Akasimamisha nguzo, akafunga ncha juu, akaanza kusuka akishuka chini, fito na mikanda, mikanda na fito.

Mkewe Kabula alimwachia uwanja ila hakumwachia masikio. "Baba Januarius, unasuka mtego wa tembo?"

"Akiingia tembo nitakwambia."

"Na asipoingia?"

"Utaingia wewe."

Kilipokwisha kilikuwa na umbo la kihenge kikubwa, mdomo chini na kitako juu, chenye mlango wa kuinama. Mimi sikupenda mambo ya kusikia, nikaenda kukiona. Niliinama nikaingia. Jua la asubuhi lilipita kwenye mikanda likaangukia mikono yangu, njano hapa, buluu pale, na upepo ukipita mikanda inagusana kwa sauti ndogo kama mtu anayepepeta mchele nyumba ya pili. Nje unaiona barabara yote, na aliye barabarani hakuoni vizuri. Sitadanganya kwamba nilielewa. Lakini nilikaa, na sikuwa na hamu ya kusema neno, na wanaonijua wanajua hilo si jambo dogo.

Nilipotoka nikamwuliza kwa nini.

"Maisha yangu yote nimesuka kitu cha kutilia nafaka," akasema. "Aliyewahi kukaa humo ni panya. Nilitaka nione watu."

Na watu waliingia. Wanawake waliotoka shamba walikaa humo kupunga upepo. Watoto waliingia wakatolewa na mama zao wakaingia tena. Mabula mwenyewe, jirani yetu na mwenyekiti wa kitongoji, nilimwona kwa macho yangu akilala humo mchana na kofia usoni. Naomba hilo likumbukwe, kwa sababu yeye alilisahau haraka sana. Bundala akaanza tena kutembea na kisu chake. Akasuka taa, akasuka kitu kama bawa akakitundika ukutani, akamtumia Generoza picha kwa simu ya Kabula akimwuliza huko Mwanza wanasemaje. Mtu alikuwa ameniambia shemeji yangu anasubiri kufa. Hakuwa anasubiri tena.

Mwaka ule mvua za mwisho wa mwaka zilichelewa. Zilichelewa Bariadi, zikachelewa Maswa, zikachelewa Meatu. Mvua hizo huongozwa na pepo zinazoanzia mbali sana na Dutwa. Nimewafundisha hayo watoto wa watu, wakiwamo watoto wa Mabula, na wakafaulu. Mikanda ya Bundala haikutosha hata kufunika zizi, sembuse kufunika mkoa. Lakini mahindi yalipoanza kusinyaa watu walitafuta wa kumlaumu, na wa kumlaumu alikuwa kando ya barabara, anang'aa.

Lazima nieleze, maana vijana wa mjini hawayajui haya. Kwa wazee wetu kihenge hakipinduliwi ovyo. Mwenye nyumba akifa bila mtoto, moto ukazimika pale, kihenge chake hulazwa mdomo chini, kiozee hapo. Apitaye akikiona anajua nyumba hii imekwisha. Basi kwenye kilabu cha pombe mtu mmoja akasema, "Bundala amepindua kihenge njiani tunakopita sote. Ametumaliza sote." Neno hilo liliingia kilabuni likiwa limelewa, likatoka likiwa sheria.

Wakaitana, wakaketi, wakamtenga. Wasomaji wa mbali huenda wakadhani kutengwa ni kununiwa. Kutengwa huku kwetu maana yake hakuna wa kukusalimia wala kuitikia salamu yako. Dukani huuziwi chumvi. Kisimani ukifika wenzako wanabeba ndoo zao nusu wanaondoka. Ukifiwa unazika mwenyewe, na wenzako wakifiwa hukanyagi. Ukitaka kurudi, unatoa ng'ombe aliyenona, wale waliokutenga wanamla, na kitu kilicholeta ugomvi unakichoma mbele yao.

Kabula alikuja kwangu Somanda kununua chumvi. Alikaa jikoni kwangu akanieleza ya siku ile mama yake Mabula alipofariki. Yule bibi alikuwa rafiki yetu. Mtoto wa kwanza wa boma letu alipozaliwa, yeye ndiye aliyempokea. Bundala aliposikia kilio alichukua jembe lake akaenda, kama anavyokwenda siku zote, maana katika kuchimba kaburi yeye hutangulia. Mabula akatoka kwenye kundi, akalishika lile jembe kwa mpini, akalitoa mkononi mwake taratibu, kama mtu anavyomnyang'anya mtoto kisu.

"Akafanyaje?" nikamwuliza Kabula.

"Akasimama barabarani mpaka wakamaliza kuzika. Na hao waliokuwa wakirudi wakampita hivi, mmoja mmoja."

"Hakuna aliyesema neno?"

"Dada, hata mbwa wao hakubweka."

Niliosha chungu ambacho kilikuwa kimeshaoshwa. Hasira niliyokuwa nayo siku ile ninayo bado.

Mvua ikanyesha. Ilinyesha siku chache baada ya mazishi, ikanyesha vizuri, na lile dude la mikanda lilikuwa limesimama palepale, maji yakitiririka juu yake. Nikadhani sasa wataona aibu. Hapana. Wakasema imenyesha kwa sababu wamemtenga. Mtu mwenye akili amjibu nini mtu wa namna hiyo? Ikichelewa ni Bundala, ikija ni wao.

Niliita kikao cha ukoo nyumbani kwangu. Alikuja Bundala, akaja Kabula, akaja mtoto wao mkubwa Januarius, anayefanya kazi ofisi moja hapa Bariadi na anayevaa saa kubwa. Januarius alikuwa ameshaamua kabla hajaketi.

"Mama mkubwa, mimi nina ng'ombe pale. Tumtoe, tulichome lile dude, yaishe. Ofisini wananiuliza."

"Wanakuuliza nini?"

"Kama baba yangu ni mganga."

"Na wewe ukawajibu kwa ng'ombe?"

"Si hivyo, mama mkubwa. Naangalia amani."

"Januarius, sikiliza. Ng'ombe huyo akichinjwa, kila kipande cha nyama watakachokula kitakuwa ushahidi kwamba babu yako Katekista Thomasi alizaa mchawi. Watoto wako wataulizwa hivyohivyo, na wao watatoa ng'ombe gani?"

"Kwa hiyo baba akae hivi mpaka afe, ili jina libaki safi?"

Hilo lilinichoma, kwa sababu halikuwa la kijinga. Nikamgeukia mwenye jambo. "Shemeji, sisi tunasema tu. Wewe unataka nini?"

Bundala alikuwa anazungusha kipande cha mkanda kidoleni. "Dude likiungua nitasuka jingine," akasema. "Ng'ombe pia atazaliwa mwingine. Mimi nataka kuchimba makaburi ya watu, shemeji. Nimewachimbia wote pale. Sasa yule bibi amelala kule na mimi sikumtupia hata udongo wa kiganja."

Januarius akaangalia saa yake, lakini nadhani hakuona ilikuwa saa ngapi.

"Basi utachimba," nikasema. "Na ng'ombe hatoki. Nipeni nafasi ya kusema kwenye baraza la kijiji. Wakinishinda, mtafanya mnavyotaka, nami sitatia neno."

Siku ya baraza nilivaa kitenge changu cha Pasaka. Nilisoma sheria usiku uliotangulia, nikawa na vifungu kichwani, na sivijutii. Mtu hawezi kumfukuza mwenzake kisimani kwa kura ya kilabuni, na nililisema hilo mwanzo kabisa. Lakini nilijua wanachokiogopa si sheria, ni kihenge. Nikabaki na neno la kihenge mfukoni.

Tulipofika watu walikuwa wengi chini ya paa la mabati la ofisi ya kijiji. Bundala aliambiwa akae pembeni, peke yake, kwenye jiwe. Nikaenda nikakaa naye.

"Mwadila, bagosha," nikawasalimu wanaume kwa Kisukuma. "Mwadila, mayu," nikawaambia wanawake. Waliitikia wachache, nusu nusu, wasijue kama salamu ya aliyekaa na aliyetengwa inaitikiwa.

Mabula akasimama. "Tunamshukuru mama mwalimu. Amekuja na gari la kukodi kutoka mjini. Ila mama, pamoja na elimu yako, haya ni mambo ya kwetu. Hayapo kwenye vitabu."

"Mabula, mimi nimeolewa kwenye boma lile wewe hujaota ndevu. Mambo ya kwenu ni yapi ambayo mimi siyajui?"

Watu wakacheka kidogo. Akasubiri waishe. "La kihenge."

"Haya. Nami nauliza la kihenge. Mwanamume akimaliza kusuka, hicho alichosuka kinaitwa nini?"

"Kihenge."

"Umejibu wewe mwanamume. Nimewauliza wanaojua." Nikawageukia akina mama. Mkubwa wao alikuwa Specioza, shangazi yake Mabula, ambaye amesiriba vihenge vingi kuliko mtu yeyote aliye hai upande ule. "Shangazi, kinaitwa nini?"

Specioza alikuwa na tumbaku shavuni, akaisogeza upande wa pili kwanza. "Hakijasiribwa?"

"Hakijasiribwa."

"Hicho ni tenga."

"Ukikitia mtama?"

"Utamwagika wote. Nani anatia mtama kwenye tenga?"

"Na tenga likipinduliwa?"

"Linafunikiwa vifaranga." Akina mama wakacheka. Specioza hakucheka, alikuwa ameshaona ninakokwenda, na uso wake ulianza kukaza.

"Basi naomba anitajie mtu," nikasema, "mwanamke gani wa kijiji hiki alikisiriba kile cha Bundala. Asimame. Nyumba haiwezi kuwa imekwisha kwa kihenge ambacho hakijawahi kuwa kihenge."

Hakusimama mtu. Specioza akageuza shingo. "Kabula, wewe?"

Kabula alikuwa hajasemeshwa na watu wale kwa muda mrefu. Akasema, "Mimi sijakisiriba. Ningekisiriba vipi, shangazi? Mavi ya ng'ombe yanateleza kwenye plastiki."

Hapo walicheka hata wanaume. Mabula akainua mkono. "Sawa, sawa. Lakini tenga gani refu namna ile?"

"Urefu una nini?" Specioza akamwambia. "Na wewe ni mrefu." Akaegemea fimbo yake akasimama. "Mabula, mwana wa kaka yangu, mmemnyima mtu chumvi kwa ajili ya tenga. Mama yako amezikwa bila Bundala kwa ajili ya tenga. Mlikuja kutuuliza? Mliketi wanaume watupu kilabuni mkaamua mambo ya kihenge, na kihenge ni cha wanawake."

Mzee mmoja upande wa Mabula akajaribu kuokoa kitu. "Basi atoe ng'ombe mdogo, wa kupatana tu."

"Wa kupatana?" nikasema. "Hutoa aliyekosa, akampa aliyekosewa. Mwenyekiti alilala mchana ndani ya tenga hilo na kofia usoni, mvua zikiwa hazijachelewa, nami nilimwona. Kama kuna ng'ombe wa kutoka leo, atoke zizini kwake. Sisi tutamla bila kinyongo."

Wanaume walikuwa wanakumbuka ng'ombe wao, mmoja mmoja. Halafu mzee yule akasema si lazima mambo yote yawe na ng'ombe.

Wakaamua hivi: Bundala arudishwe, asalimiwe, auziwe, na kile kitu kibaki, kwa sharti kwamba kisije kikasiribwa kamwe, na mtu yeyote. Wakamwuliza kama anakubali. Bundala akasema anakubali, maana kikisiribwa mwanga hautapita. Wakaitikia kwa vichwa, kwa uzito mkubwa, kana kwamba wamempa hukumu kali.

Hakuna aliyesema samahani. Hilo nalitaka liandikwe. Walisimama wakakung'uta vumbi, wakaanza kumwuliza Bundala habari za macho, kama watu waliotoka safari. Mmoja akamwuliza kama anaweza kumsukia taa ile aliyoiona dirishani. Na Januarius, ambaye alikuwa amesimama nyuma kabisa siku nzima, sasa alikuwa mbele, akiwaeleza watu kwamba Mwanza vitu hivi vinaheshimiwa sana.

Bundala hakukaa kusikiliza. Aliondoka barazani akaenda moja kwa moja nyuma ya nyumba ya Mabula, kwenye kaburi la yule bibi, na mimi na Kabula tukamfuata. Nyasi zilikuwa zimeshaota pembeni. Hakuwa na jembe. Alipiga magoti, akachimbua udongo kwa vidole mahali palipolainika kwa mvua, akaujaza viganjani, akaumwaga juu ya kaburi.

Mabula alikuwa amefika nyuma yetu. "Bundala," akasema, "tulishazika."

"Ninyi," Bundala akajibu bila kugeuka. "Mimi sijazika."

Akaendelea. Mabula alisimama akimtazama. Baadaye alienda nyumbani kwake, akarudi na jembe, akaliweka chini karibu naye, akaondoka. Bundala akaliona, lakini akamaliza kwa mikono. Mke wa Mabula akaja na maji kwenye jagi na beseni, kama inavyofanywa kwa waliotoka makaburini, akammiminia Bundala, akammiminia Kabula. Kisha akanifuata mimi.

Mimi nilikuwa nimesharudi nikasimama nje ya ua wao, barabarani, palepale alipokuwa amesimamishwa shemeji yangu. Nilimwambia mama yule asante, mikono yangu ni safi. Siku Mabula atakapokuja Somanda, akagonga mlango wa nyumba ya Deogratias, akalisema kwa mdomo wake kwamba nyumba hii haikuzaa mchawi, nitampa kiti na chai, nami nitanawa maji yao. Bundala ananiambia nimsamehe, yeye ameshasahau. Namjibu kwamba yeye ana kazi nyingi, asahau tu. Anasuka kitu kipya sasa, kirefu kama mto, cha kutandazwa chini, na jana nilipopita nilimkuta Mabula amekishikilia ncha ya pili kisikunjike. Alinisalimu. Niliitikia, kwa sababu nimelelewa vizuri, nikapita.